KIFAFA SI AIBU YA UKOO
Mdundo wa ubongo tunaorithi, na wajibu wetu kabla ya Ramadhan

(Mazungumzo yaliyotolewa na mwanafunzi wa chuo kikuu mbele ya vijana na wazazi wa Kasigau, siku chache kabla ya mwezi mtukufu. Tumeyachapisha karibu kama yalivyosemwa.)



 



Nimeombwa nizungumze juu ya afya na funga. Kila mwaka ukifika wakati kama huu tunasikia habari za kisukari, presha na vidonda vya tumbo, na ni vizuri. Lakini kuna ugonjwa mmoja ambao hausemwi, na ukisemwa husemwa kwa kunong'ona, mlango umefungwa. Huo ni kifafa. Kuna watu wanaulizana maswali matatu juu yake, na hawayaulizi mbele za watu. La kwanza: je, ni ugonjwa wa ukoo? La pili: je, ni jini? La tatu: je, mwenye kifafa afunge au asifunge? Leo, Inshaallah, tuyaulize kwa sauti, na tuyajibu moja baada ya jingine.

UBONGO UNA MDUNDO WAKE

Hebu kumbukeni madrasa. Ustadh ana wanafunzi arobaini. Huyu yuko kwenye alif na be, yule anarudia Juzuu Amma, wa tatu ameshafika Suratul Baqarah. Kila mmoja anasoma lake kwa sauti. Ukisimama nje unasikia mvumo kama wa nyuki. Si fujo ile, ni kazi inaendelea.

Ubongo ndivyo ulivyo. Ndani yake mna seli za neva zipatazo bilioni 86, na zinaongea zenyewe kwa zenyewe kwa umeme mdogo mdogo. Zikiongea kwa vikundi, hutoka mdundo. Kwa mfano, ukikaa ukafumba macho ukatulia, sehemu ya nyuma ya ubongo wako hupiga mawimbi kama 8 hadi 13 kwa kila sekunde. Mtu wa kwanza kuyanasa mawimbi hayo kwa mwanadamu alikuwa daktari wa Kijerumani, Hans Berger, katika mji wa Jena, mwaka 1924. Alikaa nayo miaka mitano akiyahakiki, akayachapisha mwaka 1929. Mmoja wa watu aliowapima alikuwa mwanawe mwenyewe. Hadi leo kipimo ni kile kile: vidude vidogo vya chuma vinabandikwa kichwani, havichomi wala haviingizi umeme, vinasikiliza tu.

Sasa rudini kwenye lile darasa. Ghafla wanafunzi wote arobaini wanaacha masomo yao na kuanza kupiga meza kwa pamoja: pa! pa! pa! Hapo hakuna anayesoma tena. Hicho ndicho kinachotokea mtu anapoanguka kifafa. Wengi tunadhani ubongo wake umezimika, kumbe ni seli nyingi mno zimeshika mdundo mmoja kwa wakati mmoja, na kazi zote nyingine zikasimama.

Tena si kila kifafa ni cha kuanguka. Kuna cha mtoto ambaye anasimama kusoma, anakodoa macho sekunde kumi hivi, haitiki, halafu anaendelea kama hakuna lililotokea. Mwaka 1935 madaktari wa Boston, Marekani, Frederic Gibbs, mkewe Erna Gibbs na William Lennox, walionyesha kwamba wakati ule macho yamekodoka, ubongo wa mtoto unapiga mawimbi makubwa, mara 3 kwa sekunde, mbele na nyuma, kulia na kushoto. Ndugu zangu maustadh na walimu, nawaomba kwa heshima. Mtoto wa namna hii hupigwa fimbo kwa kuambiwa hasikilizi. Wallahi hawezi kusikiliza. Kwa zile sekunde kumi hayupo.

Na kuna kifafa cha vijana, kinachoanza mara nyingi kati ya miaka 12 na 18. Asubuhi akiamka, mikono inamruka yenyewe. Kikombe cha chai kinamtoka, mswaki unamtoka, na nyumbani wanamwambia ana haraka au hajali. Siku nyingine, hasa akiwa hakulala vizuri, anaanguka kabisa. Kishikeni hicho cha vijana, nitakirudia tukifika Ramadhan.

JE, NI CHA UKOO?

Swali hili ndilo linalovunja posa. Basi tulijibu kwa uangalifu.

Mdundo wa ubongo, ule wa kawaida kabisa, tunaurithi. Mapacha wa kufanana wakipimwa, mawimbi yao hushabihiana kama sura zao, hata kama mmoja amelelewa mbali na mwenzake. Kama mtu anavyorithi pua ya babu yake, anarithi pia jinsi seli zake zinavyopiga na jinsi sehemu moja ya ubongo ilivyounganika na nyingine.

Sasa vipi kuhusu kifafa? Mwaka 2014 watafiti wa King's College London walichapisha utafiti ulionivutia sana. Walichukua makundi matatu ya watu. Kundi la kwanza ni wagonjwa wenye kile kifafa kinachoanza pande zote za ubongo kwa pamoja bila jeraha wala kovu linaloonekana. Kundi la pili ni ndugu zao wa damu ya karibu, yaani wazazi, watoto, kaka na dada, ambao wenyewe hawajapata kuanguka. Kundi la tatu ni watu wengine tu, ambao hawana kifafa wala hawana jamaa mwenye kifafa. Wakawapima mawimbi wakiwa wametulia macho, na wakachagua vipande vitulivu tu, visivyo na dalili yoyote ya kifafa. Kisha wakachora ramani: sehemu gani ya ubongo inafuatana na sehemu gani.

Sisi watu wa huku tunaijua ramani ya namna hiyo. Voi ni njia panda ya reli. Kuna reli ya kutoka Mombasa kwenda Nairobi, na pale pakatoka tawi la kwenda Taveta kupitia Maktau. Kituo kidogo kikisimama, kinasimama peke yake. Njia panda ikipata shida, shida inasambaa pande tatu. Ubongo nao una vituo vidogo na una njia panda.

Walichokiona ni hiki: ramani za wagonjwa zilikuwa na viungo vingi zaidi, na zilikuwa na njia panda zilizoelemewa kuliko vituo vingine. Lakini ajabu ni kwamba ramani za ndugu zao wasioumwa zilifanana na za wagonjwa kuliko za wale watu wengine. Reli ni moja. Mmoja anaanguka, mwenzake yuko shambani analima na wala hajui kwamba ubongo wake umeungwa vile vile.

Ndugu msikilizaji, fahamu maana yake vizuri. Kinachorithiwa ni aina ya muungano, ni wepesi wa kushika mdundo mmoja. Kifafa chenyewe hakirithiwi kama shamba au ng'ombe. Ili mtu aanguke, mara nyingi lazima mambo mengi yakutane: jeni nyingi ndogo ndogo, usingizi uliokatika, homa, uchovu, pombe kwa wanaokunywa, na mengine ambayo Mola anayajua. Mwaka 2023 wanasayansi wa nchi nyingi walikusanya jeni za wagonjwa karibu 30,000 na kuzilinganisha na za watu zaidi ya 52,000 wasio na kifafa. Walipata sehemu 26 katika jeni za binadamu zinazohusiana na kifafa, na 19 kati ya hizo zilihusu hiki kinachoanza pande zote. Hakukuwa na jeni moja ya kunyooshewa kidole. Na niseme pia: wengi sana wa waliopimwa walikuwa wa asili ya Ulaya. Damu yetu sisi bado haijapimwa vya kutosha, na hiyo ni kazi inayowasubiri vijana wa hapa mtakaosoma sayansi.

Mtauliza: basi hatari ni kiasi gani? Katika mji wa Rochester, Marekani, ambako rekodi za hospitali zimetunzwa miaka mingi, utafiti wa mwaka 2014 ulionyesha kwamba katika jamaa wa karibu wa wagonjwa wa kifafa, chini kidogo ya watu 5 kwa kila 100 hupata kifafa kabla ya kufika miaka 40. Kwa watu wote kwa jumla ni kama mmoja kwa 100. Ni kweli hatari imeongezeka zaidi ya mara tatu. Lakini geuzeni hesabu hiyo: 95 kati ya 100 hawapati. Huyo dada wa mgonjwa mliyemkataa, yuko upande wa 95.

SI KILA KIFAFA CHA NYUMBA MOJA NI CHA DAMU

Hapa ndipo watu wengi wanapotelea. Wakiona watoto wawili wa nyumba moja wanaanguka, hukumu inatoka hapo hapo: damu yao mbaya.

Tutazame jirani zetu Tanzania. Milima ya Mahenge, kwa Wapogoro, daktari wa asili ya Norway, Louise Jilek-Aall, alianza kutibu wagonjwa wa kifafa miaka ya mwanzo ya 1960. Aliwakuta wamefichwa, wengine na makovu ya moto, wanalishwa kando kwa kuogopwa kuambukiza. Aliona pia kwamba kifafa kimejaa katika baadhi ya familia. Mtu angesema ni urithi, basi. Lakini miaka iliyofuata watafiti walitazama mito inayokwenda kasi ya sehemu zile, ambako kuna inzi weusi wadogo wanaoeneza minyoo ya usubi, ule ugonjwa wa upofu wa mtoni. Leo ushahidi mwingi unaunganisha minyoo hiyo na kifafa cha huko. Familia moja hunywa maji ya mto mmoja, hulima bonde moja, huumwa na inzi wale wale. Pengine wanachoshirikiana zaidi ni mto kuliko damu.

Na sisi je? Kasigau hatuna mito ya namna hiyo, lakini tuna mambo yetu. Watafiti wa kituo cha KEMRI cha Kilifi, kilichoanzishwa mwaka 1989, wamekifuatilia kifafa cha pwani yetu miaka mingi. Katika utafiti uliochapishwa mwaka 2013 na kuhusu vituo vitano vya Afrika, Kilifi ilikuwa na watu karibu 8 kwa kila 1,000 wenye kifafa cha kuanguka ambacho bado kinaendelea. Ifakara, Tanzania, walikuwa karibu 15. Na sababu zilizojitokeza zilikuwa nyingi: kuwa na jamaa mwenye kifafa, ndiyo, lakini pia shida wakati wa kuzaliwa, kuumia kichwa, na maradhi ya vijidudu. Malaria inayopanda kichwani huacha kovu. Homa ya uti wa mgongo huacha kovu. Mtoto aliyechelewa kulia alipozaliwa, ubongo wake huenda ulikosa hewa.

Hata mnyoo wa nguruwe umo. Msicheke. Mtu atasema, sisi hatuli nguruwe. Lakini mayai ya mnyoo huo hutoka kwa kinyesi cha binadamu aliye nao tumboni, yakaingia kwenye mboga, maji na mikono. Unaweza kuupata na hujaigusa nyama hiyo maishani. Kinga yake ni choo, sabuni na maji safi.

Kwa hiyo vifafa vingi vya huku kwetu vingezuilika: kwa chandarua, kwa mama kujifungulia mahali penye mkunga aliyesomea, kwa kofia ya kichwa juu ya bodaboda. Mkishasema "ni cha ukoo tu", mmejifungia mlango wa kinga.

Sisi watu wa Kasigau tunajua uzito wa kuulizia ukoo. Mwaka 1915, katika vita vya Mwingereza na Mjerumani, wazee wetu walishukiwa kuwa wamewasaidia Wajerumani, wakahamishwa kwa nguvu hadi Malindi, na wengi hawakurudi. Habari nyingi za familia zilizikwa huko. Basi zile zilizobaki tusizifiche. Daktari akikuuliza kama kuna mtu kwenu aliyewahi kuanguka, mwambie kweli. Jibu lako linamsaidia kuchagua dawa, maanake dawa inayofaa kifafa cha aina moja inaweza kukizidisha cha aina nyingine.

HABARI YA POSA NA NDOA

Nitasema wazi. Kuna wasichana katika wilaya zetu hawaolewi kwa sababu kaka yao anaanguka. Kuna mama anapewa talaka kwa sababu amezaa mtoto wa kifafa, kana kwamba mtoto yule hakuwa na baba. Tena hii aibu haikuwa ya jikoni tu. Sheria ya Ndoa ya Tanzania ya mwaka 1971 iliweka kifafa cha kurudiarudia bega kwa bega na wazimu, katika sababu za mtu kuomba ndoa yake ibatilishwe.

Mimi si mufti, lakini naomba mambo matatu. Kwanza, mwenye kifafa aseme ukweli kabla ya nikaha, asifiche, kwani ndoa ni amana. Pili, anayeambiwa ukweli huo asikimbie kabla hajauliza. Aende pamoja na mwenzake kwa daktari, waulize ni kifafa gani, kinatibika vipi, na watoto wana hatari gani. Mara nyingi watarudi wamepumua. Tatu, msitafute kile kipimo cha mawimbi kwa mtu mzima wa afya eti kumchunguza kabla ya kumposa. Mmesikia wenyewe: ramani inaweza kufanana na ya mgonjwa na mtu asianguke hadi kaburini. Kipimo hicho ni cha kumsaidia mgonjwa.

Na kuhusu kuoana binamu. Dini imeruhusu, na sitaharamisha kilichohalalishwa. Lakini ziko aina chache za kifafa, tena kali, zinazotokea pale mtoto anapopokea jeni ile ile mbovu kutoka kwa baba na kutoka kwa mama. Ikiwa nyumba imeshapata watoto wawili watatu wa maradhi mazito ya ubongo, kuoana tena ndani ya nyumba hiyo ni jambo la kushauriana na daktari kwanza. Kuruhusiwa si kulazimishwa.

JE, NI JINI?

Hapa najua masikio yamesimama.

Sisi tunaamini kuwa majini wapo. Lakini kuamini kwamba wapo hakumaanishi kila anayeanguka kashikwa nao. Wanavyuoni wetu walilijua hilo kabla ya Berger na kipimo chake. Ibn Sina, aliyefariki mwaka 1037, katika kitabu chake cha tiba alikieleza kifafa kuwa ni ugonjwa wa ubongo. Ibn al-Qayyim katika Zaad al-Ma'ad aliugawa mwanguko huu mafungu mawili, moja la pepo wabaya na jingine la maradhi ya mwili ambalo ni la matabibu. Basi anayepeleka wote kwa mganga kwa jina la dini, hakuwasoma hata wanavyuoni wa dini.

Na tuna kisa cha yule mwanamke mweusi, katika Bukhari na Muslim, aliyesimuliwa na Ibn Abbas (R.A.). Alikuja kwa Mtume (S.A.W.) akalalamika kwamba anaanguka na mwili wake unafunuka. Akapewa hiari: asubiri apate Pepo, au aombewe apone. Akachagua subira, ila akaomba aombewe asifunuke, naye akaombewa. Tazameni vizuri. Hakufukuzwa. Hakuambiwa ana laana. Hakupigwa ili kitu kimtoke. Alisikilizwa, na lile lililokuwa linamuumiza zaidi, heshima yake mbele za watu, likashughulikiwa. Na Ibn Abbas alimtaja kuwa ni mtu wa Peponi. Sisi leo tunawaweka watu wa namna yake chumba cha nyuma.

Atakayesema, basi asubiri tu bila dawa, ajue kwamba Mtume huyo huyo (S.A.W.) aliwaamrisha watu wajitibu, na akafundisha kwamba kila ugonjwa umeteremshiwa dawa yake ila uzee. Mama zangu, someni dua, msomeeni mtoto Qur'an, ni kheri tupu. Lakini kidonge chake apewe. Dua na kidonge havigombani.

Shirika la Afya Duniani linasema watu wapatao milioni 50 wana kifafa duniani, na hadi 70 kwa kila 100 wangeweza kuishi bila kuanguka wakipata dawa ifaayo na kuitumia sawasawa. Fenobabito ni dawa ya zamani na ya bei nafuu. Anzeni hapa kituo cha afya cha Rukanga, au hospitali ya Moi pale Voi. Na kwa kuwa kipimo cha mawimbi kwetu ni safari ya Mombasa au Nairobi, mleteeni daktari kitu kingine: mrekodini mgonjwa kwa simu anapoanguka, kwa ajili ya daktari peke yake. Video ile msiitume kwa mtu mwingine yeyote. Yule mwanamke aliomba asifunuke.

MWENYE KIFAFA NA RAMADHAN

Tumefika kwenye swali la tatu.

Kila Ramadhan kuna wagonjwa wanaoacha dawa zao siku thelathini kwa nia njema. Ndugu zangu, hii ni hatari kubwa. Dawa ya kifafa ikikatwa ghafla, ule mdundo uliokuwa umezuiliwa hurudi kwa nguvu, na mtu anaweza kuanguka mfululizo bila kuzinduka katikati. Watu hufa hivyo. Mwenyezi Mungu katika Suratul Baqarah amempa mgonjwa ruhusa ya kufungua na kulipa siku nyingine, na asiyeweza kabisa ana fidia ya kulisha masikini. Katika sura hiyo hiyo ametukataza kujitupa wenyewe katika maangamizi. Ruhusa ya Mola ni zawadi, na kuikataa zawadi si uchamungu.

Lakini si kila mwenye kifafa hawezi kufunga. Wengi ambao kifafa chao kimetulia wanaweza, na utaratibu ni huu:

1. Muone daktari sasa, mwezi haujaandama. Usibadilishe dawa peke yako. Dawa kama fenobabito hukaa mwilini siku kadhaa na mara nyingi humezwa mara moja usiku, kwa hiyo haigongani na funga. Nyingine humezwa mara mbili, na daktari anaweza kuzipanga futari na daku. Zile za mara tatu zinahitaji mashauri zaidi.

2. Linda usingizi. Huu ndio mtego mkubwa wa kile kifafa cha vijana. Tunaswali tarawehe, kisha tunakaa barazani mpaka daku, tunalala baada ya alfajiri, saa mbili kazini au shuleni. Kwa ubongo ulioungwa vile nilivyoeleza, usiku uliokatika ni kama kiberiti karibu na majani makavu. Kijana mwenye kifafa aswali, akalale mapema, aamke daku. Na sisi wenzake tusimcheke kwamba ana usingizi kama mtoto.

3. Ukianza kuanguka ukiwa umefunga, fungua. Meza dawa yako. Usisubiri adhana. Kisha kaulize sheikh juu ya kulipa na daktari juu ya kuendelea.

4. Asiachwe peke yake na moto wala maji. Jikoni kunapopikwa futari, mafuta ya sambusa yakiwa yanachemka, yeye apewe kazi ya kukanda unga. Kisimani na bwawani asiende peke yake. Pikipiki asiendeshe.

5. Binti au mama mwenye kutarajia kuzaa amwambie daktari mapema. Iko dawa, valproeti, inayoweza kumdhuru sana mtoto tumboni, na ziko nyingine za kubadilishia. Lakini asiiache ghafla kwa uamuzi wake.

AKIANGUKA MBELE YAKO

Tukiwa safu ya tarawehe mtu akaanguka, tufanye nini? Ondoa vitu vigumu karibu yake. Weka kilemba au kanga chini ya kichwa. Mtetemeko ukipungua, mlaze ubavu ili povu na mate yatoke. Mfunike mwili. Tazama saa: ikipita dakika tano hajatulia, au akianguka tena kabla ya kuzinduka, tafuteni gari la hospitali. Usimtie kijiko mdomoni, usimmwagie maji, usimnusishe kitunguu wala kiatu, usimkandamize. Na povu lile haliambukizi. Nasema tena, mlioko nyuma msikie: haliambukizi. Kifafa hakipandi kwa mate wala kwa kugusana. Mshike ndugu yako.

KWA KUMALIZIA

Hebu fanyeni hesabu ndogo. Kama hali yetu inakaribiana na ya Kilifi, basi katika kila watu elfu moja kuna wanane. Hao wanane wana baba, mama, kaka, dada na watoto, na huenda baadhi ya jamaa hao wana ramani ya ubongo inayofanana na yao. Haiwezekani tukawa na mstari unaotenga "wao" upande mmoja na "sisi" upande mwingine. Mstari huo haupo. Tunatofautiana viungo tu, wengine reli zao zina njia panda zaidi, na hakuna aliyejichorea ya kwake.

Kwa hiyo kabla mwezi haujaandama, kila nyumba yenye mgonjwa aliyefichwa imtoe. Ampeleke mtu kituoni wiki hii, dawa zipangwe, na usiku wa kwanza wa tarawehe nafasi yake iwepo safuni, karibu na ukuta, na mtu wa kumjua pembeni yake. Kamati ya msikiti, naomba hilo mlichukue kama kazi na si kama hotuba tu.

Ewe Mola wetu, waponye wagonjwa wetu, wasitiri wasifunuke, wape wazazi wao subira isiyochoka, na utufikishe Ramadhan sote tukiwa safu moja. Amin.